Sauti, Runinga na Vijikaratasi: Nani Huaminiwa katika Kigogo?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tuanze na jibu linalojaa katika karatasi za majaribio kila litokeapo swali la uongozi mbaya: Majoka anataka kuifunga Runinga ya Mzalendo kwa kuwa imeonyesha maandamano moja kwa moja. Jibu ni sahihi na hupata alama yake. Ila huishia mlangoni. Katika Kigogo, tamthilia iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa kabla ya Bembea ya Maisha kushika nafasi yake, Pauline Kea ametuwekea swali gumu zaidi. Mwanasagamoyo akipata habari, anaiamini kwa misingi gani?

Chukua redio. Sauti ya Mashujaa inausifu utawala na kuwataka watu washerehekee uhuru. Boza hana shida nayo. Sudi anaiona kelele tupu, na hata keki ya sherehe anaikataa, akiihesabu kuwa makombo. Redio haijamwongopea Sudi kuhusu tarehe ya sherehe, na hilo si la kupuuzwa. Amekoma kuiamini kwa sababu anamjua mwenyewe wa kipaza sauti. Hapa ndipo penye kinaya ambacho miongozo mingi hukiruka: Majoka anapotamani kibaki kituo kimoja tu, anakinyima kituo hicho hicho masikio ya watu. Tangazo lisiloweza kupingwa haliwezi pia kuthibitishwa.

Msomaji wa Kenya hahitaji kulazimishwa kuuona ukweli wa taswira hii. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa katika bustani ya Uhuru kuwa "rais wa wananchi", serikali ilizima NTV, KTN na Citizen. Zilibaki kimya kwa siku kadhaa, hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zifunguliwe. Tena tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa. Mahakama ikalisitisha agizo hilo siku iyo hiyo. Yote mawili yalitokea chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 34 kinaulinda uhuru wa vyombo vya habari.

Lakini sisi tunaofundisha Kisii na Nyamira tuna mfano mwingine, mchungu zaidi, na ndio unaonifanya nimdai mwandishi jambo. Francis Nyaruri aliliandikia Weekly Citizen, gazeti dogo la kila wiki, kwa lakabu ya Mong'are Mokua. Miongoni mwa aliyoyaandika ni tuhuma za ulaghai katika mradi wa ujenzi wa nyumba za polisi Nyamira. Aliwaambia wenzake kwamba anatishwa. Tarehe 15 Januari 2009 alitoweka. Tarehe 29 mwezi huo mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, umekatwa kichwa. Watetezi wa wanahabari waliyahusisha mauaji hayo na makala yake.

Sasa rudi Sagamoyo. Kea anavisawiri vyombo vya habari kama jengo: kuna kituo, kuna mitambo, kuna mwenye uwezo wa kuvifunga. Hakuna mwanahabari aliyepewa uzito wa Tunu au Sudi. Kazi ya kuuliza maswali magumu, pamoja na majeraha yake, imemwangukia Tunu. Kisanaa chaguo hilo linaeleweka, kwa kuwa jukwaa haliwezi kubeba kila mtu. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuimaliza tamthilia akidhani kwamba uhuru wa habari ni suala la vituo vikubwa vya Nairobi. Nyamira hapakuwa na kituo cha kufungwa. Palikuwa na mtu mmoja na kalamu, asiye na ofisi ya fahari wala mlinzi langoni.

Kuna pia suala la lakabu. Weekly Citizen lilijulikana kwa udaku wa kisiasa, na wengi waliolinunua walilisoma kwa shaka. Makala yasiyobeba jina halisi la mwandishi yanatofautianaje basi na vile vijikaratasi vinavyotupwa Sagamoyo kuwataka watu wahame? Katika vyote viwili, mwandishi amejificha. Wape wanafunzi swali hili, mwalimu, kisha uwaache wabishane kwa kipindi kizima. Mimi naona tofauti iko ndani ya matini. Kijikaratasi hutisha, hakitaji mradi, kiasi wala mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kujionea. Makala kuhusu nyumba za polisi yanataja kitu kilichosimama juu ya ardhi, na yeyote anaweza kupita akakitazama. Aidha, kijikaratasi kinamficha mwenye nguvu asitambuliwe na wanyonge. Lakabu ilikusudiwa kumficha mnyonge asiandamwe na wenye nguvu, na kwa Nyaruri haikutosha.

Nawe mtahiniwa, usiibebe habari ya Nyamira hadi kwenye karatasi ya fasihi ukidhani itakuongezea alama. Mtahini anataka ushahidi kutoka katika tamthilia: Sauti ya Mashujaa, Mzalendo, vijikaratasi, kauli za Majoka kwa Kenga. Ukiulizwa kuhusu mbinu za kuuhifadhi utawala, usiziorodheshe kama bidhaa dukani. Onyesha jinsi moja inavyoivuruga nyingine, mathalani jinsi tishio la kuifunga runinga linavyozidi kumpa Sudi sababu ya kuidharau redio. Nyaruri muweke kwa ajili ya insha, ukitaja jina lake kamili na mwaka.