Santuri Iliyohukumiwa Kabla ya Kusikilizwa

Msomaji, ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukaelekea magharibi, hutakwenda mbali kabla ya kufika Soko la Kenyatta, jirani na Kibera. Wengi hulijua soko hilo kwa nyama choma na kwa mafundi wa kusuka nywele. Lakini katika vibanda vyake zimeuzwa pia santuri kuukuu, zile sahani nyeusi ambazo katika miaka ya 1970 zilijaa madukani River Road. Nataka tuzungumze juu ya santuri moja ya miaka hiyo, kwa sababu naona ilihukumiwa kabla ya kusikilizwa vema.

Jina lake ni Something for Someone. Ilitolewa mwaka 1976 na vijana wa Nairobi waliojiita Black Savage, yaani Mshenzi Mweusi. Jina hilo naliona kama kejeli: tusi la mkoloni walilitwaa wakalivaa kama joho. Miongoni mwao walikuwa Gordon Ominde na Job Seda. Walipiga magitaa ya umeme, wakaimba kwa Kiingereza, na muziki wao ulichanganya roki na souli. Souli ni ule uimbaji wa Wamarekani weusi uliozaliwa kanisani ukahamia ukumbini, ambao akina Otis Redding na James Brown waliueneza duniani.

Kwa nini haikupata wasikilizaji wengi? Wanunuzi wengi wa Kenya siku hizo walipenda benga na rumba ya Kikongo, tena walizoea santuri ndogo yenye wimbo kila upande. Santuri kubwa ya nyimbo za Kiingereza ilikuwa bidhaa ya wachache. Mpenzi wa benga aliiona ngeni. Na mpenzi wa souli aliweza kununua ile ya Marekani yenyewe. Ikawa kama popo, ambaye ndege humkana na wanyama humkana.

Tena liko shtaka ambalo hutupiwa bendi za namna hii kila mara, kwamba ni waigaji tu. Shtaka hilo yafaa tulipime. Gitaa, ambalo bila lenyewe hapana benga, halikuzaliwa Nyanza. Fidla na kanuni za taarabu zilivuka bahari kabla ya kufika Unguja na Mombasa. Daudi Kabaka alijulikana kwa twisti, jina la ngoma iliyotoka ng'ambo, na hata hivyo wimbo wake Helule Helule ulipendwa mpaka bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurekodi mwaka 1968. Basi kuazima si kosa. Ajifunzaye huazima, la kuuliza ni amekifanyia nini kile alichoazima.

Tukiuliza hivyo, jibu halitakuwa sifa tupu. Ziko sehemu katika Something for Someone ambapo kiolezo cha ng'ambo chaonekana wazi mno, na maneno ya Kiingereza hayabebi harufu ya mahali. Lakini mwaka uleule bendi hiyo ilirekodi wimbo mwingine, Kothbiro, ambao kwa Kijaluo maana yake ni "mvua inakuja". Humo sauti zaenda taratibu, zikirudiarudia kama zenye kuomba. Nadhani kuomba huko walikujua pia kwa kupita katika shule ya souli. Waliyojifunza kwa Kiingereza waliyatumia kwa lugha ya nyumbani, na matunda yake ni mema. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kazi yao ilikuwa kuiga tu.

Yaliyofuata yanajulikana. Job Seda alichukua nyatiti, chombo cha nyuzi 8, akajiita Ayub Ogada, akauimba Kothbiro upya katika santuri yake En Mana Kuoyo ya mwaka 1993. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika filamu The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980. Na mwaka 2018 Kanye West wa Marekani alikitwaa kipande cha Kothbiro kama kilivyorekodiwa na Black Savage, akakitia katika wimbo wake Yikes. Ayub Ogada alifariki mwaka uliofuata.

Ndipo baadhi yetu tukasema, "Kumbe!" Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tujihadhari. Aliyeidharau santuri hiyo kwa kuwa ilifanana na ya Marekani, na anayeisifu leo kwa kuwa Mmarekani ameigusa, wote wawili wamemwachia mtu wa mbali kazi ya masikio yao.

Basi, msomaji, utakapokutana na kazi ya zamani ya watu wa kwenu, iwe wimbo, shairi au picha, usitangulize bei yake wala sifa za wageni. Isikilize mara ya kwanza ukiwa umenyamaza. Isikilize mara ya pili ukiwa na kalamu, uandike lililokugusa na lililokuchosha, na sababu ya kila moja. Ukikosea, utakuwa umekosea kwa sikio lako mwenyewe, na kosa la namna hiyo hurekebishika.