Tangazo Lililopigwa na Wateja

Mwaka 2018 kampuni ya GoPro ya Marekani ilikuwa na kamera mpya ya kuuza, HERO7 Black, na ilihitaji video ya kuitangaza. Njia iliyozoeleka ni kuajiri mwongozaji, kukodi helikopta, kuwapeleka wanamichezo milimani na kuomba mvua isinyeshe. GoPro ilitenga dola milioni 1 na kuwaambia wanunuzi: pigeni wenyewe, kwa kamera hiihii, kisha leteni klipu. Zikaingia zaidi ya 25,000. Watu 56 tu ndio waliochaguliwa, wakagawana fedha sawa kwa sawa, kila mmoja dola 17,857. Maelfu waliobaki hawakuambulia kitu, na kwa kampuni hiyo ilikuwa biashara nzuri mno.

Kwa anayehariri video, swali ni jingine. Klipu zimetoka nchi mbalimbali, nyingine za theluji, nyingine za bahari, jua la huku si la kule. Inakuwaje zikutane ndani ya video moja fupi na zisionekane kama viraka?

Jibu la kwanza ni lenzi. Kamera zote zilikuwa za aina moja, na lenzi yake pana ina tabia zake: mkono ulio karibu unakuwa mkubwa, upeo wa macho unapinda, ardhi inakimbia kwa kasi pembeni mwa picha. Mtazamaji haoni mwanamichezo kwa mbali. Anawekwa kifuani pake, au mdomoni kabisa, maana wanaoteleza juu ya mawimbi huing'ata kamera kwa meno. Hao hao huilamba lenzi kabla ya wimbi, ili maji yatandae badala ya kuganda kama matone. Mbinu hiyo haigharimu hata senti, na imeokoa picha nyingi.

La pili ndilo lililokuwa likiuzwa. Kwa miaka mingi picha za kamera ya kofia zilitikisika hadi mtu akasikia kichefuchefu. HERO7 Black ilikuja na HyperSmooth: vihisi vinapima mtikisiko, na programu inausogeza mkato wa picha upande wa pili ili kuufuta. Gharama yake ni ukingo mdogo wa picha, kama asilimia 5. Hakuna haja ya msimulizi kueleza haya. Baiskeli inaporomoka kwenye mawe na picha imetulia, mteja ameshaelewa.

Jibu la tatu ni ukataji wa picha, na hapa ndipo wahariri wengi hukosea, hata wenye vifaa vya bei. Wanadhani msisimko ni kukata kila mdundo. Muziki wa midundo 120 kwa dakika una mdundo mmoja kila nusu sekunde, kwa hiyo ukikata kila unapogonga utapata picha 20 katika sekunde 10, na jicho halijashika hata moja. Baada ya hapo kasi inageuka kelele.

Msisimko unatokana na breki. HERO7 Black hupiga fremu 240 kwa sekunde. Zikichezwa kwa fremu 30, sekunde moja ya kuruka inakuwa sekunde 8. Mhariri mwerevu haitumii yote. Anamwacha mrukaji apande kwa kasi ya kawaida, anamshika pale juu mwili unapokaribia kusimama hewani, kisha anamwachia ashuke mdundo mzito unapogonga. Picha inayofuata ianze na mwendo wa upande uleule: aliyeondoka kuelekea kulia apokewe na anayekwenda kulia, hata kama wa kwanza yuko majini na wa pili yuko thelujini. Jicho likishafuata mwelekeo, halihoji mahali.

Sauti nayo husahaulika. Muziki ukizimwa kwa nusu sekunde ikasikika pumzi ya mtu au tairi ikikwaruza kokoto, mdundo unaporudi unakuwa na uzito maradufu. Anayetangaza saa ya kukimbilia au programu ya mazoezi anaweza kuyafanya haya kwa simu, kwani nyingi siku hizi hupiga fremu 240.

GoPro yenyewe haikuona sababu ya kubadili utaratibu. HERO8 Black ilipotoka mwaka 2019, dola milioni 1 ziliwekwa tena mezani. Safari hiyo walichaguliwa watu 45, kila mmoja akapata dola 22,222.