Binamu Asiyejibu Utani: Filamu ya *Cousin* mbele ya Watazamaji wa Nakivale

Makala haya yanahakiki *Cousin* (1998), filamu fupi ya uhuishaji ya Adam Elliot wa Australia, kwa kuuliza swali moja: itasemwaje kwa Kiswahili mbele ya watazamaji wa Kabingo na Nakivale, wilayani Isingiro? Filamu haizidi dakika 5. Sauti ya mwanamume mmoja inasimulia utoto wake pamoja na jamaa mwenye mtindio wa ubongo. Sanamu za udongo husogea kwa nadra, na kicheko hakikai mbali na majonzi.

Ugumu unaanzia kwenye anwani. Neno la Kiingereza halielezi kama huyu ni mtoto wa baba mdogo au wa mjomba. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, wa kwanza ni ndugu, kaka hasa. Wa pili ni binamu. Msemaji wa Kinyarwanda naye hamchanganyi *mubyara* na kaka yake. (Elliot ana filamu nyingine, *Brother*, ya 1999, nayo inazidi kumbana mfasiri.) Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mabinamu wana ruhusa ya kutaniana; mzaha uleule ukielekezwa kwa kaka mwenye ulemavu utasikika kuwa kejeli. Kwa hiyo ninachagua *Binamu*, bila kusita.

Uteuzi huo, hata hivyo, ndio unaofichua kasoro ya filamu. Utani ni wa watu wawili: anayetaniwa hujibu, tena kwa ukali. Binamu wa Elliot hajibu. Msimulizi ni mkweli, hamgeuzi jamaa yake kuwa malaika wala kitu cha kuonewa huruma, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini kila tunachojua kimepita kinywani mwake.

Washauri wa sera wanaijua hali hii. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020. Katika makazi yenye lugha nyingi kama Nakivale, yaliyoanzishwa 1958, mtu mwenye ulemavu wa usemi anapohojiwa, mkalimani aliye karibu zaidi ni jamaa yake. Jamaa huyo aweza kuwa mwenye upendo kama msimulizi wa Elliot, na bado akajibu badala ya mhusika. Ndiyo maana filamu hii ikionyeshwa huko, ningeomba mjadala uanzwe na watazamaji wenye ulemavu, kwa muda wowote watakaouhitaji, jamaa zao wakisubiri zamu.