Kufundisha Moyo Unaojengwa Huku Ukipiga

Mwanamke akiwa amepitiliza siku zake kwa wiki moja hivi, tumboni mwake kuna kiinitete chenye urefu wa milimita mbili au tatu, na ndani ya kiinitete hicho mrija mwembamba unaanza kupiga. Ni siku ya 22 au 23 tangu mimba itungwe. Mrija huo hauna vyumba, hauna vali, hauna ukuta wa kutenganisha kushoto na kulia, lakini umeshaanza kazi, na siku chache baadaye damu inazunguka. Kufikia mwisho wa wiki ya nane umekuwa moyo wenye vyumba vinne, na mshipa mmoja mkubwa uliokuwa ukitoka humo umegawanyika: mmoja unakwenda mapafuni, mwingine mwilini. Muda wote huo haukupumzika hata kidogo. Wapo watu ambao kazi yao ni kuligeuza jambo hili kuwa moduli ya mtandaoni, somo ambalo mwanafunzi wa udaktari au uuguzi analifungua kwenye kompyuta au simu, analipitia kwa mwendo wake, anaulizwa, anarudi nyuma, anaendelea. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa ufundi mkubwa, na sababu yangu si uzuri wa picha, maana picha nzuri za moyo zipo tele. Ufundi uko katika kuipanga safari nzima kwa swali moja lisilobadilika: katika hatua hii, damu inapita wapi?

Ugumu wa somo hili husingiziwa majina. Ni kweli majina ni mengi, na vitabu vimezoea kuyapanga kwa mfululizo ambao mwanafunzi huukariri usiku wa kuamkia mtihani na kuusahau wiki inayofuata. Lakini aliyeweza kukariri mifupa 206 hashindwi na majina ya moyo. Kinachomshinda ni kutoona kwa nini hatua hii ifuatwe na ile. Chukua ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Kitabu kinasema kiambaza cha kwanza kinashuka kutoka juu na kuacha tundu chini yake; tundu hilo linazibwa, lakini jingine linatokea juu; kisha kiambaza cha pili kinashuka upande wa kulia wa kile cha kwanza, nacho kinaacha tundu lake. Viambaza viwili, matundu matatu. Kwa nini mwili ujisumbue hivyo? Jibu linakuja ukikumbuka kwamba mtoto aliye tumboni hatumii mapafu. Oksijeni yake inatoka kwenye kondo, inaingia na damu upande wa kulia wa moyo, na mapafu yaliyojaa majimaji hayapokei ila damu kidogo. Lazima basi sehemu kubwa ya damu ivuke kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya moyo wenyewe. Ukuta sharti ujengwe, maana siku ya kuzaliwa utahitajika. Njia nayo isifungwe, maana inahitajika leo. Anayejua adha ya barabara inayopanuliwa huku magari yakipita atalielewa hili mara moja: mkandarasi hafungi njia ya zamani kabla hajafungua ya mchepuko. Tundu la juu linatoboka kwa seli za kiambaza kufa pale pale, kabla la chini halijazibwa. Kiambaza cha pili, kilicho kinene zaidi, kinakuja kulifunika na kuacha uwazi wenye umbo la yai, na kilichosalia cha kiambaza cha kwanza kinaning'inia upande wa kushoto wa uwazi huo, chembamba, kikisukumwa na damu inayovuka. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, damu inamiminika mapafuni na kurudi upande wa kushoto, msukumo wa kushoto unauzidi wa kulia, na kipande kile kinabanwa ukutani. Kwa wengi kinashikana moja kwa moja. Kwa takriban mtu mmoja katika kila wanne hakishikani kabisa, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kujua.

Sasa mtazame fundi aliyeielewa hoja hii anavyoipanga. Anaonyesha kiambaza cha kwanza kikiwa nusu ya safari, kisha anasimamisha picha. Hatoi maelezo. Anauliza: kiambaza hiki kikifika chini leo na kuziba, nini kitatokea? Mwanafunzi anachagua jibu, na akikosea hapewi alama nyekundu tu. Anaonyeshwa matokeo ya jibu lake, damu ikirundikana kulia na upande wa kushoto ukikosa damu ya kusukuma. Baada ya hapo ndipo tundu la juu linapotoboka mbele ya macho yake, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulitafuta. Hatua inayokuja kujibu hitaji ambalo mwanafunzi ameshalihisi haihitaji kukaririwa. Kuipata nukta hiyo ya kusimama, wala si mapema mno wala si baada ya jibu kuonekana, kunataka mtu anayelijua somo na anayemjua mwanafunzi pia.

Mahali pengine panapodai mkono wa fundi ni kujikunja kwa mrija. Mwanzoni mrija umenyooka, damu inaingia kwa chini na kutoka kwa juu, na sehemu itakayokuja kuwa vyumba vya juu ndiyo iliyo chini. Wanafunzi wengi hupotelea hapo, na si ajabu. Mrija unazidi kurefuka kwa sababu seli mpya zinajiunga kwenye ncha zake, ncha hizo zimeshikwa na mwili, kwa hiyo hauna budi kupinda. Kwa kawaida unapinda kuelekea kulia, na ile sehemu ya kuingizia damu inapanda nyuma hadi kufika juu. Mpindo huo unakwenda kulia na mbele na chini kwa wakati mmoja, na mchoro bapa hauwezi kuusema. Hapa mwanafunzi apewe umbo la pande tatu aligeuze kwa kidole. Lakini hapa tu! Fundi wa kweli akifika kwenye viambaza anarudi kwenye mchoro uliokatwa katikati, kwa sababu pale umbo la kuzungushwa linaficha kile kinachotakiwa kuonekana. Asiye fundi, akishapata programu ya kuzungusha, atazungusha kila kitu.

Watapinga walimu wa anatomia kwamba mwili hufundishwa mezani, kwa mikono, siyo kwenye kioo. Kwa moyo wa mtu mzima nakubaliana nao kabisa. Lakini moyo wa kiinitete cha wiki ya tano ni mdogo kupita uwezo wa kisu cha mwanafunzi yeyote, na tangu elimu hii ianze umefundishwa kwa vitu vilivyotengenezwa. Aristotle alifungua mayai ya kuku akaona tone la damu likirukaruka, na zaidi ya tone hilo jicho tupu halikuweza kumfikisha mbali. Katika miaka ya 1880 Wilhelm His wa Leipzig alikuwa akikata viinitete vya binadamu vipande vyembamba, akichora kimoja kimoja chini ya hadubini, na karakana ya akina Ziegler huko Freiburg ikageuza michoro kama hiyo kuwa sanamu za nta za kufundishia. Mwaka 1883 Gustav Born wa Breslau alieleza njia ya kukikuza kila kipande juu ya bamba la nta, kukata kwa kufuata ukingo, kisha kuyapandanisha mabamba hadi ogani isimame mezani. Mwanafunzi wa His, Mmarekani Franklin Mall, alianzisha mwaka 1914 idara ya embriolojia ya Taasisi ya Carnegie huko Baltimore, na vipande vya mkusanyo wake ndivyo watafiti wa Amsterdam walivyovitumia katika atlasi ya kidijitali iliyotoka mwaka 2016: karibu vipande 15,000, na hadi ogani na sehemu 150 zilizotambuliwa katika kila kiinitete. Kutoka nta hadi kioo kazi haijabadilika: kukata, kufuata ukingo, kupandanisha, kisha kuhakiki kama kilichotokea kinalingana na kilichokuwapo. Na kwa kuwa viinitete hivyo vilitoka kwa wanawake walioharibikiwa na mimba au kufanyiwa upasuaji, ambao wengi wao hawakuombwa ridhaa kwa namna inayodaiwa leo, moduli yenye heshima hulisema hilo wazi, pale pale zinapoonekana picha.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi. Video za moyo unaokua zimejaa mtandaoni, nyingi ni za bure na baadhi ni za kupendeza sana. Kwa nini chuo kimlipe mtu kutengeneza moduli? Mwaka 2002 mwanasaikolojia Barbara Tversky na wenzake wawili walipitia tafiti zilizolinganisha picha zinazosonga na michoro iliyotulia. Walikuta kwamba faida iliyodaiwa mara nyingi ilitokana na picha zinazosonga kupewa maelezo zaidi ya yale ya michoro, na kwamba picha hizo mara nyingi huwa na mambo mengi au kasi kubwa kuliko jicho linavyoweza kufuatilia. Mwaka mmoja kabla, watafiti Richard Mayer na Paul Chandler walikuwa wameonyesha kuwa maelezo yale yale ya jinsi radi inavyotokea yalieleweka zaidi pale msomaji alipoyapokea kipande kwa kipande na kubofya mwenyewe kuendelea. Kwa somo letu hili si dogo. Video ya dakika tatu inayoanza na mrija na kuishia na vyumba vinne inamwachia mtazamaji furaha ya kuona, na akiambiwa achore hatua ya katikati kalamu inamgomea. Simsemi vibaya mtengenezaji wa video. Kazi yake huvuta macho, na macho yasipovutwa hakuna somo. Ila moduli inampa mwanafunzi mamlaka juu ya wakati: kuburuta siku ya 23 hadi ya 28 taratibu, kuirudisha, kukaa kwenye siku ya 25 hadi aelewe.

Kuna wanaouliza daktari anafaidika nini na mambo yaliyokwisha kabla mgonjwa hajazaliwa. Takriban watoto wanane katika kila elfu moja wanaozaliwa hai wana kasoro ya moyo, na kasoro hizo ni hatua za ujenzi zilizopotoka. Étienne-Louis Arthur Fallot wa Marseille alieleza mwaka 1888 mkusanyiko wa kasoro nne zinazomfanya mtoto kuwa wa buluu: tundu kati ya vyumba vya chini, njia ya mapafuni iliyobanwa, mshipa mkuu ulioketi juu ya tundu, na ukuta mnene wa kulia. Anayekariri anakariri vinne. Aliyepitishwa kwenye moduli nzuri anaona kimoja: kiambaza cha njia ya kutokea damu kimesogea mbele. Kimesogea, kwa hiyo njia ya mapafuni imebanwa, kiungo chake na ukuta wa chini kimekosekana na kuacha tundu, mshipa mkuu umejikuta juu ya tundu hilo, na chumba cha kulia kimenenepa kwa kusukuma dhidi ya kizuizi. Daktari wa watoto Helen Taussig wa Baltimore aliona kwamba watoto wa aina hii huzidiwa pale unapojifunga mshipa mfupi ambao, kabla ya kuzaliwa, huipitisha damu kandokando ya mapafu. Akauliza kama daktari wa upasuaji anaweza kumtengenezea mtoto mshipa mwingine. Daktari wa upasuaji Alfred Blalock na msaidizi wake Vivien Thomas waliifanyia kazi fikra hiyo, na Novemba 1944 upasuaji wa kwanza ukafanyika. Fikra hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye swali la damu inapita wapi. Wanaowapokea watoto wenye matundu kwenye moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanalijibu swali hilo kila wanaposoma picha ya moyo wa mtoto.

Mwanafunzi wa Mwanza au Bujumbura anasoma kwa simu, na bando lake linakwisha. Naliona hili kuwa sharti la ufundi, kwa sababu linamlazimisha mtengenezaji aamue. Michoro myepesi inayofunguka mara moja na kubaki kwenye simu mtandao ukikatika. Umbo moja tu la kuzungusha, lile la mrija unaopinda. Sauti iwepo kwa anayeitaka. Kinachoondolewa mara nyingi ni pambo, na somo linabaki na nguvu zake.

Nalichukua kwa uzito zaidi onyo la wanasayansi kwamba kurahisisha huzaa uongo. Mengi tunayofundisha kuhusu moyo wa binadamu yalionekana kwa kuku na panya. Nicole Le Douarin wa Ufaransa alipandikiza seli za kware ndani ya kiinitete cha kuku, kwa kuwa kiini cha seli ya kware hutambulika chini ya hadubini, na hivyo safari za seli zikafuatika. Kwa njia hiyo Margaret Kirby na wenzake walionyesha mwaka 1983 kwamba seli zinazotoka kando ya mrija wa ubongo na uti wa mgongo husafiri hadi moyoni na kushiriki kuugawa mshipa mkubwa. Zikiondolewa, mshipa unaweza kubaki mmoja. Mwaka 2001 makundi matatu ya watafiti yalieleza kuwa sehemu kubwa ya njia ya kutokea damu hutokana na seli zinazojiunga na mrija baadaye, na michoro mingi ya zamani ikawa na kasoro kwa siku moja. Fundi mwaminifu huandika chini ya picha kama ni ya kuku au ya binadamu, na huijenga moduli yake ili ukurasa mmoja uweze kubadilishwa bila kuivunja yote. Kwa hiyo chuo kinachomwajiri kimlipe pia kwa mwaka wa pili na wa tatu, wakati majibu yaliyokosewa na wengi yanapoonyesha ni hatua ipi haikueleweka na ni mchoro upi uchorwe upya.