Sura ya Sinema ya Kifaransa ya Kale katika Filamu Fupi za Mitaani

Miongoni mwa vijana wanaotunga filamu fupi wamo wanaotamani kazi yao ifanane na sinema ya Kifaransa ya miaka ya 1950 na 1960. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini njia inayofuatwa mara nyingi ni kupiga picha safi, kisha kuiondoa rangi kwa kompyuta na kuipaka mikwaruzo na vumbi la uongo. Njia hiyo huiga uchakavu wa mkanda, haiigi sinema. Filamu hizo zilipoonyeshwa mara ya kwanza zilikuwa mpya. Mikwaruzo ililetwa na miaka.

Hata umbo la picha halikuwa moja. "Les Quatre Cents Coups" ya François Truffaut (1959) ina picha pana sana. "À bout de souffle" ya Jean-Luc Godard (1960) ina picha inayokaribia mraba. Kilichozifanya ndugu ni masharti ya kazi: fedha kidogo, njia za mji na vyumba vya watu. Raoul Coutard, mpiga picha wa Godard, aliunganisha mikanda iliyotengenezwa kwa kamera za picha zisizotembea, kwa kuwa ilikuwa hodari wa kushika mwanga hafifu. Na kamera ikaendeshwa juu ya kiti cha magurudumu.

Tena, msomaji asidhani kuwa asili ya mtindo huu ni Paris peke yake. Jean Rouch alipiga "Moi, un noir" (1958) huko Treichville, kitongoji cha Abidjan, pamoja na vijana wa Niger waliokwenda kutafuta vibarua. Kamera yake ilitiwa ufunguo kama saa, wala haikuweza kwenda mfululizo hata nusu dakika. Sauti nayo haikunaswa papo hapo. Ndiyo sababu picha zake zinakatika ghafula, na Oumarou Ganda, mmoja wa wachezaji, akaisimulia filamu baadaye huku akiitazama. Godard aliisifu mno kazi hiyo kabla ya kutoa yake. Ganda mwenyewe akawa mwongozaji, akatoa "Cabascabo" mwishoni mwa miaka ya 1960.

Basi Mwananyamala yaikaribia Treichville kuliko Paris, na mtungaji wa huko hana haja ya kuazima ukale. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba kando na ua nyuma. Mlango wa mbele na wa uani ikifunguliwa, mwanga huingia pande mbili, na uso wa mtu husomeka bila taa. Lakini jua la Dar es Salaam si la Paris. Adhuhuri hukaa utosini na kutia giza machoni. Upole wake hupatikana asubuhi kabla ya saa tatu, na jioni baada ya saa kumi. Tena, katika picha isiyo na rangi, mwanga hauna budi kupimwa usoni mwa mchezaji, si kwenye ukuta wa chokaa. La sivyo ukuta utapendeza na mtu atapotea.

Kwamba njia za mji huu zaweza kubeba filamu fupi, Amil Shivji alikwisha onyesha katika "Shoeshine" (2013), habari za kijana mng'arisha viatu na wateja wake.

Atakaye sura ile na ajifunge kwa masharti yake: picha isipite nusu dakika, taa zisiwepo, na sauti aitie mchezaji mwenyewe baadaye, kwa lugha ya mtaani kwake. Vumbi la uongo lina hasara kubwa kuliko ubaya wa macho. Huwafanya watu walio hai waonekane kama kumbukumbu ya watu wengine, na mtaa wa leo uonekane umekwisha kufa. Wafaransa wale walipiga picha za siku yao wenyewe. Anayewafuata kwa kweli na apige picha za siku yake.