Ugomvi wa Hemani

Walimu wenzetu wengi wanaposomesha Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kupigwa chapa upya, baada ya masahihisho, mwaka 1969, hukawia mno penye mauaji na hotuba za mazishi. Tendo la nne hupitiwa mbio. Sisi twaona humo ndimo lilimo somo la urafiki, tena somo gumu.

Cassius afika Sardis na kulalamika mbele ya majeshi. Brutus amwomba ashushe sauti, waingie hemani, maana askari hawapaswi kuwaona wakubwa wao wakizozana. Hapo Brutus atenda kiungwana, na mwanafunzi aonyeshwe hivyo. Lakini wakiisha kuwa faraghani, stara ile yatoweka. Amshutumu mwenzake kwa rushwa na kuuza vyeo. Kisha, pasi na haya, amlaumu kwa kumnyima dhahabu ya kuwalipa askari, akijigamba kwamba yeye hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Je, dhahabu ya Cassius aliyoitaka ilichumwa kwa njia gani? Tumezoea kumsifu Brutus kwa utulivu. Kwa maoni yetu, utulivu huo ni wa ulimi ujuao kuchoma.

Cassius, mwenye hamaki, ndiye avumiliaye. Atoa jambia, afunua kifua, ataka heri auawe kuliko kuchukiwa na rafiki. (Wanafunzi hucheka hapa, kweli, chumvi imezidi kidogo.) Ndipo Brutus anapokiri kwamba naye alikuwa na hasira, wakapeana mikono. Baada ya hayo tu twasikia kwamba Portia, mkewe, amekufa. Huzuni ile aliificha muda wote, nayo ikatokea kwa mlango wa matusi. Laiti angaliisema mapema!

Kisha waja ushauri wa vita. Cassius ataka wamngojee adui. Brutus ataka waende Philippi. Cassius, ambaye mkono wake ungali na joto la suluhu, akubali kinyume cha maoni yake, na huko Philippi wote wawili wafa. Alikubali kwa mapenzi, au kwa kuchoka kugombana? Darasa letu liligawanyika juu ya swali hili hata kengele ikalia, nasi hatukulipatanisha.