Nabii wa Uongo katika Tamthilia: Neno "Mnafiki" Halitoshi
Na Mwalimu wa Kiswahili, Mkwiro, Kwale

Mtahiniwa akiulizwa sifa za mhusika aliye mhubiri, jibu huwa tayari ulimini: ni mnafiki, ni mwenye tamaa, ni mlaghai. Jibu hilo si kosa, na aghalabu hupata alama. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba halitoshi kiuhakiki. Isitoshe, halimkingi mwanafunzi dhidi ya mafundisho potovu atakayokutana nayo nje ya darasa.

Haja ya kulizungumzia jambo hili si ya mtihani pekee. Mnamo Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Idadi ya miili ilipita 400, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wafuasi wa Paul Mackenzie, kiongozi wa kanisa la Good News International, waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie na washtakiwa wenzake walikana mashtaka mwaka 2024. Mwaka 2025 makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, katika kaunti iyo hiyo. Kabla ya hapo, mwezi Machi 2000, mamia ya waumini waliangamia Kanungu, nchini Uganda. Je, fasihi tunayoifundisha ina la kutuambia kuhusu misiba ya aina hii?

Tuanze na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, tamthilia iliyopata kutahiniwa katika KCSE. Humo Mhubiri anamwombea Meya na kufurahia sadaka, huku wafanyakazi wa baraza wakilalamikia maslahi yao. Mwandishi anatumia kejeli: sala inageuka kuwa bidhaa, na dini inakuwa pambo la utawala mbovu. Msomaji anamcheka Mhubiri na kumtambua mara moja. Hapo ndipo penye nguvu ya kejeli, na papo hapo pana upungufu wake. Inatufunza kumjua mwalimu wa uongo anayetaka fedha. Haitufunzi kumjua asiyetaka fedha, anayelia akihubiri, anayefunga pamoja na waumini wake na kuamini kila neno analolisema.

Kwa huyo wa pili inatupasa kurejelea Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Ni kweli kwamba tamthilia hii haihusu kanisa. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 katika Tanganyika chini ya Wajerumani, na mwandishi mwenyewe ametanabahisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia moja kwa moja. Vilevile, madhila ya watu wale yalikuwa ya kweli na kudai uhuru kulikuwa haki. Tunachokichunguza hapa ni jinsi neno la nabii linavyofanya kazi.

Kinjeketile hana tamaa ya mali. Anaamini amepewa maji yenye kinga, na watu wanaungana kwa sababu yake. Baadaye anaanza kuyatilia shaka maono yake mwenyewe. Anawaambia wasubiri, lakini hawasubiri, kwa kuwa neno limekwisha kumtoka na limekuwa mali ya umati. Hata mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, hakubali kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Mtahiniwa atakayemwita "mnafiki" atakuwa amekosea kabisa. Hata hivyo, watu walikabili risasi wakitegemea maji. Basi funzo ni hili: unyoofu wa mwalimu hauthibitishi ukweli wa mafundisho yake.

Katika tamthilia hiyo, mhusika wa kutazamwa kwa makini ni Kitunda. Anampenda Kinjeketile, anaongoza vita, lakini anathubutu kuhoji kinga yenyewe. Kuhoji kwake si usaliti, anawahurumia wanaokufa. Mwanafunzi anayemwona Kitunda kuwa mwoga tu hajaisoma tamthilia vizuri.

Kanisa lenyewe lina kielelezo cha namna hii. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili wajue kama aliyoyafundisha Paulo yalikuwa kweli. Ikiwa mtume alichunguzwa, na waliomchunguza wakasifiwa, mhubiri wa leo anayekataza maswali anajitoa mwenyewe katika mapokeo anayodai kuyalinda. Sheria ina nafasi yake, na mafunzo ya wachungaji pia. Lakini mlinzi wa kwanza wa kanisa ni muumini anayejua kusikiliza na kupima.

Kwa hivyo, nawapendekezea walimu wenzangu maswali matatu ya kumwongoza mwanafunzi. Kwanza, mhusika huyu anawatenga wafuasi wake na sauti gani nyingine: shule, hospitali, jamaa? Pili, anayeuliza swali anatendewa nini? Tatu, gharama ya mafundisho inalipwa na nani? Swali la kwanza linatugusa sisi walimu. Mwaka 2017, miaka sita kabla ya makaburi kufukuliwa, Mackenzie alikamatwa kwa tuhuma za kuwafundisha watu wasiwapeleke watoto shuleni. Dalili ilianzia mlangoni petu.

Huku Mkwiro, katika Kisiwa cha Wasini, wakazi wengi ni Waislamu, na pana makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni mwanafunzi kusema kwamba hayo ni ya Wakristo, hayamhusu. Mbinu ya kufunga masikio ya watu haina dini moja, na Kinjeketile ni ushahidi. La pili ni kukifanya kipindi cha fasihi kuwa uwanja wa kukashifu imani ya wengine. Tashtiti ya Arege inamlenga mhubiri fulani na matendo yake. Haimlengi Mungu wala waumini. Mtahiniwa aseme hivyo waziwazi katika jibu lake.

Zoezi: "Mwalimu wa uongo si lazima awe mwongo." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Kinjeketile. Jibu zuri litatofautisha nia ya mhusika na athari ya neno lake, litatoa ithibati kutoka matukio ya tamthilia, na litamtaja Kitunda. Anayejifunza kudai ithibati kwa kila hoja darasani ataidai pia atakapoambiwa, kwa jina la Mungu, kwamba mtoto wake asile.